Hamali wa Chuma na Kipokezi Chake: Historia ya Istilahi Chache za Damu

Makala haya yametokana na karatasi ya kurasa mbili. Ilikuwa ni rasimu ya maelezo kwa wajawazito na kina mama wenye watoto wadogo juu ya vidonge vya madini ya chuma, nayo ililetwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa. Kazi ya namna hii aghalabu humalizika mezani: huangaliwa orodha zilizokwisha kusanifiwa, hutiwa wino mwekundu pale palipokosewa, kisha karatasi hurejeshwa ilikotoka. Safari hii ilionekana afadhali rasimu isomwe kwanza mbele ya watu itakaowafikia, na mwandishi wa makala haya akatumwa Matemwe, katika pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja.

Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walikuwa wakirejea kutoka kwenye mashamba yao ya mwani na viroba vichwani, na ngalawa zilikuwa zimekalia mchanga zikingoja bahari irudi. Tulikaa barazani kwa bibi mmoja ambaye kijijini hujulikana kwa ukunga, tukaisoma rasimu sentensi baada ya sentensi. Kichwa chake kilisema: Vidonge vya Kuongeza Damu. Hapakuwa na swali juu ya maneno hayo. Kila aliyekuwapo aliyafahamu, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ndiyo furaha yenyewe. Kwa kutaka kuhakikisha tu, nikauliza:

"Bibi, na mtoto akiwa na homa?"

Akajibu bila kusita: "Akiwa na homa ndiyo umzidishie, mwanangu. Homa si inakula damu?"

Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa maneno tuliyompa. Ikiwa homa inakula damu, na kidonge kinaongeza damu, basi penye homa kidonge kizidi. Kosa halikuwa la bibi bali la kichwa cha habari. Wala kosa lenyewe si dogo, kwani katika kisiwa ndugu cha Pemba jambo hilihili lilipata kupimwa kwa maelfu ya watoto, na matokeo yake yakabadili miongozo ya dunia nzima. Tutafika huko. Kwanza hapana budi kurudi nyuma, tuone jinsi wanasayansi wenyewe walivyohangaika kukipa jina chuma kinachosafiri mwilini na wale wanaokibeba na kukipokea. Maana tukiifahamu historia ya majina yao ndipo tutakapojua ni wapi majina yetu yanapwaya.

Katika mazungumzo ya kila siku, Kiswahili kina kipimo kimoja cha damu: ipo, au imepungua. Mtu akitoka kupimwa husema "damu yangu tisa", ilhali kilichohesabiwa ni gramu za himoglobini, yaani ule wekundu wa damu, katika kila desilita. Istilahi "upungufu wa damu" imefuata njia hiyohiyo. Tusiwalaumu sana walioitunga. Jina la Kigiriki linalotumiwa na madaktari wa Ulaya lina maana ya "bila damu", na mgonjwa anayeitwa kwa jina hilo anayo damu tele katika mishipa yake. Kilichopungua ni wekundu. Basi wafasiri wetu walitafsiri kosa la Wagiriki kwa uaminifu mkubwa.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba pwani yetu ilikuwa na neno lililo bora. Neno hilo ni safura. Asili yake ni jina la Kiarabu la nyongo ya manjano, na wazee walilitumia kwa mtu aliyepauka, aliyevimba uso na miguu, anayechoka kwa hatua chache na, mara nyingi, mwenye uchu wa kula udongo. Kamusi nyingi huifungamanisha safura na minyoo, na utaalamu umewaunga mkono wazee. Angelo Dubini wa Italia aliieleza minyoo yenye kung'ata utumbo mwaka 1843. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi na Wizara ya Afya ya Zanzibar walionyesha kwamba kwa watoto wa shule wa Pemba minyoo hiyo ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa damu utokanao na kukosa chuma. Mnyoo humfyonza mtu damu, na chuma hutoka nje ya mwili pamoja nayo. Safura, kwa hiyo, lilikuwa ni jina la aina moja mahsusi ya ugonjwa. Tulipoanza kuandika vijitabu vya afya tuliliacha kwa kuliona la kishamba, tukaweka badala yake fungu la maneno linalochanganya aliyenyonywa na minyoo, mwenye malaria, mwenye selimundu na aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, kiasi cha msumari mmoja, na theluthi mbili hivi zimo katika himoglobini. Uboho wa mifupa huhitaji miligramu 20 hadi 25 kila siku kutengenezea chembe mpya nyekundu, na hali chakula huingiza miligramu 1 au 2 tu. Nyinginezo zote hupatikana kwa kuvunja chembe kuukuu na kukirudisha chuma chake kazini. Biashara hiyo yote hupita katika damu. Lakini chuma hakiwezi kuachwa kielee peke yake: hakiyeyuki vizuri katika majimaji ya mwili, na kikiwa huru huunguza kila kinachokigusa. Hapana budi kibebwe.

Mbebaji huyo aligunduliwa kupitia yai. Mwaka 1944 Arthur Schade na Leona Caroline, huko Marekani, walitangaza kwamba ute wa yai bichi huzuia kukua kwa bakteria wa kuhara damu, na kwamba ukitiwa chuma kizuizi kile huondoka. Maana yake ni kuwa ute haukuwaua bakteria kwa sumu, bali uliwanyima chuma. Mwaka 1946 walionyesha kuwa katika majimaji ya damu ya binadamu nako mna protini inayoshika chuma vivyo hivyo. Hapo ndipo majina yalipoanza kugombana. Mwaka 1947 Carl-Bertil Laurell wa Sweden aliiita transferini, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kuvusha na chuma. Kwake yeye protini hiyo ilikuwa ni mchukuzi. Mwaka 1949 Schade na wenzake waliiita siderofilini, kutokana na Kigiriki, yaani mpenda chuma. Kwao ilikuwa ni mshikaji asiyeachia, mwenye kuwanyima wadudu chakula. Protini ni ileile. Jina moja lilitoka kwa mtu aliyeuliza chuma kinakwenda wapi, na la pili kwa mtu aliyeuliza nani anakikosa.

Siku hizi transferini ndilo jina lililobaki, na siderofilini limezikwa katika majarida ya zamani. Kwa maoni yangu tumepoteza kitu. Msomaji aliyezoea kumwona transferini kama mchukuzi tu hushangaa akiambiwa kwamba ni askari pia: katika hali ya kawaida theluthi moja tu ya nafasi zake huwa na chuma, na sehemu iliyobaki wazi ndiyo inayohakikisha kwamba chuma chochote kitakachozagaa kitadakwa mara moja kabla bakteria hawajakifikia.

Kwa Kiswahili yametajwa majina mawili, nayo ni "kibebachuma" na "hamali wa chuma". La pili linanivutia. Kila aliyekulia Mji Mkongwe anamjua hamali, anayepakua magunia Malindi na kusukuma mkokoteni katika vichochoro vyembamba, na anajua kuwa hamali hamiliki mzigo. Hata hivyo majina ya protini ni maelfu, na desturi iliyokwisha kukubaliwa ni kuyatohoa. Nadhani inafaa iandikwe transferini katika vitabu vya masomo, na hamali abaki kuwa mfano wa mwalimu ubaoni. Makala haya yatamtumia kwa maana hiyo.

Hamali akishachukua mzigo, nani anamfungulia? Jina la mfunguaji lilikuwa limeshatungwa kabla mwenyewe hajajulikana. Mwaka 1900 Paul Ehrlich wa Ujerumani alianza kutumia neno la Kilatini lenye maana ya mpokeaji kwa vile vinyama vya kuwaziwa alivyosema viko juu ya chembe hai na hushika sumu au lishe inayopita. Hakuna aliyeviona. Vilikuwa ni dhana tu, na wapo waliovicheka. Kwa habari ya chuma, ushahidi ulikuja mwaka 1959, pale James Jandl na wenzake katika Marekani walipoonyesha kwamba chembe changa nyekundu huchukua chuma kutoka kwa transferini kwa njia iliyo kama ya kufuli na ufunguo, na kwamba chembe zikioshwa kwa kimeng'enya kinachokata protini uwezo huo hupotea. Kwa hiyo kulikuwa na kitu cha protini juu ya ngozi ya chembe. Mwaka 1963 Jandl aliueleza mzunguko wa transferini kati ya majimaji ya damu na chembe. Mwaka 1983 ukafahamika mtambo wenyewe unavyokwenda, na mwaka 1984 jeni yake ikatengwa.

Mtambo huo unastahili kuelezwa, kwa kuwa istilahi yetu inauhusu moja kwa moja. Kipokezi kina mapande mawili yaliyo pacha, na kila pande hushika hamali mmoja mwenye vyuma viwili. Wakishashikana, ngozi ya chembe hudidimia mahali pale na kuwa kifuko kidogo kinachozama ndani pamoja nao wote. Kifuko hutiwa asidi. Chuma hulegea na kutoka, lakini hamali, ingawa sasa ni mtupu, huendelea kukamatana na kipokezi ndani ya asidi ile. Kifuko hurudi juu. Kikigusana na damu isiyo na asidi hamali huachiwa, akaenda kutafuta mzigo mwingine. Safari yote huchukua dakika chache. Kipokezi nacho hubaki pale juu kikingoja.

Nilikuwa na shaka na neno "kipokezi" kabla ya kwenda Matemwe. Liliniwia zito kwa kuonyesha kitu kilichokaa tu na kuletewa, mfano wa mtu wa mapokezi nyuma ya meza. Mbadala uliopo, "kipokeo", umekwisha kushikwa na washairi kwa maana ya mstari unaorudiwa mwishoni mwa ubeti, na "mpokezi" ni wa watu. Nikawaeleza wavuvi wawili waliokuwa wakishona nyavu karibu nasi, nikitumia mfano wa ngalawa inayofika ufukweni na mzigo. Mmoja wao akasema yule aliyeko ufukweni hangoji: huingia majini hadi kifuani, huishika ngalawa, huivuta juu pamoja na wenyewe, na wakishashusha samaki huisukuma irudi. Nikauliza mtu huyo anaitwaje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la jua.

"Si amewapokea?"

Kwa hakika amewapokea. Katika Kiswahili mtu mwenye mzigo kichwani husema "nipokee", na hamaanishi mwenzake akae na kutazama. Anataka amtue, amchukulie, waende pamoja. Mgeni hupokelewa gatini, akapelekwa nyumbani, na siku ya kuondoka husindikizwa hadi palepale. Kitenzi chetu kina ndani yake kutua mzigo, kuingia nao, na kumrudisha aliyeuleta, mambo ambayo Kilatini cha Ehrlich hakikuwa nayo. Neno lililotungwa Ulaya kwa dhana isiyo na mwendo limepata katika Kiswahili kitenzi kinachokwenda. Shaka yangu ikaishia hapo, nami nakiri kuwa ilinichukua mwendo wa saa nzima garini kuambiwa maana ya neno ninalolitumia kila siku.

Lakini panazuka ugumu mwingine, na wafasiri wa vitabu vya tiba wameanza kukutana nao. Neno likitaja kazi tu, hukusanya chini yake vitu visivyo na nasaba. Mfano wake mzuri ni malale. Kimelea chake, tripanosoma anayeletwa na mbung'o, anaishi katika damu na anahitaji chuma, naye amejitengenezea kipokezi cha transferini kilicho chake mwenyewe. Kipokezi hicho hakina ujamaa na chetu: kimeundwa kwa nyuzi mbili zisizo pacha, nacho kimefichwa katika kijishimo kilichoko penye shina la mkia wake. Humdaka hamali wa mwenyeji, humzamisha ndani, na hapo mgeni hali wala hasindikizwi. Humeng'enywa papo hapo. Mbung'o wa Unguja waliokuwa wakiwaambukiza ng'ombe nagana, ambayo ni ndugu ya malale, walikwisha kutokomezwa: madume yaliyohasiwa kwa mionzi yalilelewa Tanga na kumwagwa kwa ndege, na kisiwa kikatangazwa kuwa safi mwaka 1997. Bara, kazi haijamalizika. Bakteria wa kisonono na wa homa ya uti wa mgongo wana hila nyingine: hawamwingizi hamali ndani hata kidogo, bali humpokonya chuma mlangoni na kumwacha aende zake, tena humtambua hamali wa binadamu peke yake.

Je, hao nao tuwaandikie "kipokezi"? Majarida ya kigeni hufanya hivyo kwa tripanosoma, na kwa bakteria hupendelea kusema "protini ya kushika transferini". Napendekeza tufuate, kwa sharti kwamba mwenye kipokezi atajwe kila mara: kipokezi cha chembe, kipokezi cha kimelea. Asipotajwa, msomaji atadhani dawa ya kuziba kimoja itaziba na kingine, na ilhali tofauti yao ndiyo tumaini la wanaotafuta dawa hiyo. Kipokezi chetu wenyewe nacho kimegeuzwa na wengine kuwa mlango wa nyuma. Mwaka 2007 ilitangazwa kwamba virusi vya homa za kutoka damu za Amerika ya Kusini, vikiwamo Machupo na Junín, huingilia hapo. Na mwaka 2018 ikaonekana kwamba kimelea cha malaria aina ya vivaksi, ambayo si malaria kuu ya huku kwetu, hukitumia kuzichagua chembe changa nyekundu.

Mlango ukishajulikana na adui, tabibu naye huutamani. Ehrlich aliyetupa neno kipokezi ndiye aliyeota dawa itakayokwenda kwa kimelea na kumwacha mgonjwa. Mwaka 1904 alifanya majaribio ya rangi ya kuua tripanosoma pamoja na Kiyoshi Shiga wa Japani, yuleyule aliyemgundua bakteria wa kuhara damu ambaye Schade na Caroline walimjaribia ute wa yai miaka 40 baadaye. Afrika Mashariki ilikuwa na sababu ya kuitamani ndoto hiyo. Robert Koch alipowatibu wagonjwa wa malale katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907, dawa aliyoitumia ilikuwa na aseniki, na baadhi ya wagonjwa walipofuka. Dawa iliingia kila mahali kwa kuwa haikuwa na anwani.

Anwani moja ilipatikana mwaka 1984, ilipogunduliwa kuwa vipokezi vya transferini vimejaa katika mishipa midogo ya ubongo, mahali ambapo dawa nyingi hugota ukutani. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiifungasha dawa pamoja na kingamwili inayoshika kipokezi hicho ili kifuko kiizamishe ndani na kuivusha upande wa pili. Mwaka 2021 Japani iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo, kwa ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu ubongo wa watoto. Magazeti yetu yamekwisha kuanza kuandika "dawa lengwa". Hilo halifai. Hadhira lengwa ni ile inayolengwa. Dawa lengwa, basi, ingekuwa ndiyo shabaha. Iandikwe "dawa ya kulenga". Mwenzangu mmoja ofisini alipendekeza "dawa dandizi", kwa kuwa inadandia gari la chuma kama vijana wanavyodandia daladala. Tulicheka, lakini picha yake ni ya kweli kuliko ya mlenga shabaha, maana vipokezi vingi vya transferini viko katika uboho unaotengeneza damu, na dawa iliyodandia inaweza kushuka kituo kisicho chake.

Turejee Pemba. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa desturi, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, watoto wadogo katika nchi zenye upungufu mkubwa wa damu wapewe chuma bila kupimwa mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal, pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake, waliijaribu desturi hiyo kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Wengine walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine hivyo pamoja na zinki, na wengine kidonge kisicho na dawa. Kwa jumla watoto wa makundi hayo walikuwa 24,076. Malaria ya Pemba wakati huo ilikuwa kali, mwaka mzima. Mwezi wa Agosti 2003 bodi ya kuangalia usalama iliamuru makundi ya chuma yasimamishwe. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2006 ilionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 12 ya kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Majaribio ya namna hiyo huko Nepal, pasipo na malaria, hayakuonyesha madhara hayo.

Hata hivyo palikuwa na sehemu ya utafiti wa Pemba ambamo watoto walipimwa damu na kutibiwa malaria kwa uangalifu zaidi. Humo, wale waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika na vidonge. Hapa ndipo penye uzito wa makala haya yote. Watoto wawili waweza kuwa na "damu nane" sawasawa. Mmoja ana safura: chuma chake kimetoka nje na minyoo, vipokezi vya chembe zake vimeongezeka kwa njaa, na kidonge ni chakula. Wa pili ana malaria: chembe zake zimepasuliwa, chuma chake kingali mwilini kimefungiwa ghalani, kwa kuwa ini lenyewe, likihisi maambukizo, hutoa homoni ya kuzuia chuma kisitoke. Homoni hiyo, hepsidini, ilifahamika mnamo mwaka 2000 na 2001. Mwili wa mtoto huyo unafanya lile lililofanywa na ute wa yai, yaani kumnyima adui. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni kwamba kidonge kinachomeng'enywa kwa haraka hujaza mahamali wote kwa mara moja, na chuma kinachozidi huzagaa bila mwenyewe. Kiswahili chetu cha vijitabu kiliwaita watoto wote wawili kwa jina moja, kikawaandikia kidonge kwa jina la tiba ya wote wawili.

Baada ya matokeo hayo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, na mwongozo wa mwaka 2016 unasema kwamba mahali penye malaria watoto wapewe chuma pamoja na kinga, upimaji na matibabu ya malaria. Zanzibar nayo imebadilika. Malaria imepungua mno tangu miaka ile, kwa dawa mpya na vyandarua. Wala hakuna katika haya linalomzuia mjamzito kumeza vidonge vyake vya fefo, kama wauguzi wanavyoviita. Anavihitaji, na miongozo inamtaka avimeze.

Katika rasimu iliyorudi kutoka Matemwe tulifanya mabadiliko haya. Kichwa kikawa: Vidonge vya Madini ya Chuma. "Upungufu wa damu" ukabaki kuwa jina la jumla, ukaelezwa kuwa ni kupungua kwa wekundu wa damu kwa sababu yoyote ile. "Upungufu wa chuma" ukaandikwa mbali nao, kama sababu mojawapo, na pembeni yake tukalirudisha neno safura, kwa wasomaji ambao mama zao walilitumia. Tukaongeza sentensi moja iliyosimama peke yake: mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kupimwa malaria, na asizidishiwe kidonge nyumbani. Bibi wa Matemwe alisomewa kwa mara ya pili. Alipofika kwenye chuma aliuliza ni chuma gani, cha nanga? Akaambiwa ni hichohicho, ila kidogo sana. Akanyamaza, kisha akasema sasa anaelewa kwa nini udongo mwekundu ndio unaotamaniwa na wenye mimba. Kama anaelewa sawasawa au la ni suala la wataalamu wa lishe.

Rasimu ilirejeshwa kwa wenyewe pamoja na maelezo ya kila badiliko. Imerudi wiki mbili zilizopita ikiwa tayari kwa kupigwa chapa. Sentensi ya homa imo. Safura imeondolewa. Kichwa kimerudishwa kuwa Vidonge vya Kuongeza Damu, kwa hoja kwamba ndilo jina ambalo watu wamelizoea. Barua ya kupinga imekwisha kupelekwa, na hadi tunapokwenda mitamboni jibu lilikuwa halijafika.